Nyumba ya Gunzi: Makosa Niliyoyafanya Nikimjengea Binti Yangu

Na mama wa watoto wanne, Nyakitonto, Kasulu

Akina mama wenzangu, nikiwaambia kwamba nilitumia miezi minne kujenga nyumba ya kukaa gunzi la mahindi, wengine mtacheka. Mume wangu naye alicheka, kabla hajakasirika. Lakini naomba mnisikilize hadi mwisho, maana katika kazi ile ndogo nilikosea mara nyingi, na kosa lililo kubwa kuliko yote halikuwa la gundi wala la msumeno.

Mambo haya yalitokea mwaka 2019, hapa kwetu Nyakitonto, wilaya ya Kasulu. Mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinaelekea kukatika, mama mkwe wangu alifariki dunia. Alikuwa akiishi katika nyumba yake ndogo ya miti na udongo, uani kwetu, hatua kama ishirini kutoka mlango wa jiko langu. Binti yetu wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 7 na yuko darasa la kwanza, alikuwa akilala kwa bibi yake tangu alipoachishwa ziwa. Alikula kwetu, lakini kwake kulikuwa kule.

Nyumba ya udongo isiyo na mtu haidumu. Moshi wa kufukuza wadudu darini haupo tena, na hakuna mkono wa kukandika ufa. Mwezi Juni mume wangu na ndugu zake waliibomoa kabla haijaangukia watoto. Miti iliyokuwa bado mizima ilijengewa banda la mbuzi. Baada ya wiki mbili pale palibaki kiwanja kitupu chenye majivu.

Binti yangu hakulia, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani amesahau, kwa kuwa watoto husahau upesi. Lakini alianza kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu akiwa na miaka mitatu. Akawa anajibu kwa kichwa tu. Jioni moja nilimkuta amekaa penye yale majivu, ameshika gunzi la mahindi alilolifunga kipande cha kanga ya bibi yake. Nilimwuliza, "Huyu ni nani?" Akasema, "Ni bibi." Kisha akaniuliza, "Mama, sasa bibi atalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliazimia kumjengea nyumba ya mwanasesere, iwe siri mpaka siku nitakapomkabidhi.

Nilianza bila kupima

Nilikuwa na boksi kubwa la sabuni, wembe, na mkasi wa kushonea. Watoto walipolala niliwasha taa nikaanza kukata. Nilikata mlango, nikakata madirisha mawili, nikagawa vyumba kwa vipande vya boksi. Kitanda nilikitengeneza kwa viberiti vitupu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Usiku wa tatu nililichukua lile gunzi kutoka ubavuni mwa binti yangu aliyelala, nikajaribu kuliingiza ndani. Halikuingia. Gunzi lilikuwa na urefu wa sentimita 16, na mlango wangu sentimita 12. Kitanda kilikuwa na sentimita 11, basi miguu yote ingening'inia nje. Dirisha nalo lilikuwa kubwa kuliko mlango. Kwa kifupi, nilijenga nyumba bila kufikiri nani atakaa ndani yake.

Mafundi wanajua kwamba kila kitu kidogo kinachoiga kikubwa lazima kifuate kipimo kimoja. Wenzetu wa Ulaya wanaotengeneza nyumba hizi hupenda kugawa kwa 12, kwa sababu futi moja ina inchi 12. Basi futi moja ya nyumba ya kweli huwa inchi moja katika nyumba ndogo. Sisi tunaotumia rula ya shule hurahisishiwa tukigawa kwa 10. Mita moja inakuwa sentimita 10. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 20. Chumba cha mita 3 kwa mita 2 na nusu kinakuwa sentimita 30 kwa 25. Kiti ambacho kwa kawaida ni sentimita 45 kutoka chini kinakuwa sentimita 4 na nusu. Gunzi la sentimita 16 ni mama wa mita 1 na sentimita 60, na nyumba nzima yapasa kumfaa yeye.

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Nimesikia somo hilo mara nyingi kanisani. Hata hivyo nilishika wembe kabla ya kushika rula.

Mchwa na panya

Nilianza upya na boksi jingine, safari hii kwa vipimo. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, uji mzito, nikapaka kila ukingo kwa wingi ili ishike sana. Nyumba ilipokamilika niliificha uvunguni mwa kitanda chetu, juu ya sakafu ya udongo, nikaifunika kwa gunia. Halafu nikaenda kwenye semina ya akina mama kwa siku sita.

Niliporudi na kuivuta, sakafu ilibaki chini na kuta zikaja mikononi mwangu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini wakaitafuna yote upande wa chini. Upande wa juu panya walikuwa wamefuata ile gundi, maana uji wa muhogo ni chakula, na mimi nilikuwa nimewaandalia karamu. Sehemu ambazo gundi ilikuwa nene hazikuwa zimekauka hata kidogo. Zilikuwa zimeota ukungu.

Makosa hayo matatu yanaepukika. Kwanza, boksi ni karatasi, na karatasi imetoka kwenye mti. Mchwa hawaoni tofauti. Kitu cha boksi kisikae chini. Kiwekwe juu ya meza, na kama mchwa ni wengi, miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji au mafuta machafu. Pili, gundi ya wanga ipakwe nyembamba, ikauke kabisa, ndipo upake tena. Tatu, kitu kibichi kisifunikwe kwa gunia mahali pasipo na hewa.

Fedha ya mbegu

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata leo nalisimulia kwa aibu. Nilikuwa nimekasirishwa na mchwa, nikasema sasa nitajenga nyumba ambayo hakuna mdudu atakayeigusa. Nilinunua vipande vya mbao nyembamba kwa fundi seremala, gundi ya mbao, kopo dogo la rangi nyeupe na kopo dogo la rangi ya buluu. Nilinunua pia kipande cha kitambaa cha pazia chenye matundu matundu. Jumla shilingi 14,000. Fedha hiyo ilikuwa ya mbegu za maharage za Oktoba. Sikumwambia baba watoto. Nilijiambia kwamba nitairudisha nikiuza ndizi.

Ndizi hazikuuzika upesi. Wiki ya pili ya Septemba aliuliza fedha iko wapi, nami nikakosa pa kujificha. Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akasema, "Mama watoto, unanunua rangi ya kupaka nyumba ya gunzi, na sisi tutapanda nini?" Nilijitetea kwamba mtoto naye ana haki ya kucheza. Hilo ni kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja kucheza na kupumzika katika kifungu cha 31, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Lakini mume wangu hakuwa akibishana juu ya michezo ya watoto. Alikuwa akiuliza kwa nini nilificha. Kwa swali hilo hapakuwa na mkataba wa kunitetea.

Tulikaa siku mbili bila kuzungumza vizuri. Siku ya tatu nilimwomba radhi, na nikapeleka kuku wawili sokoni.

Siku ya kukabidhi

Nyumba ya tatu ilipendeza, lazima niseme. Kuta zilikuwa nyeupe na milango ya buluu. Nilitengeneza makochi kwa sponji nikayashonea vitambaa. Ukutani nilibandika picha ya televisheni niliyoikata katika gazeti. Jikoni niliweka jiko la gesi nililolitengeneza kwa kiberiti na vifungo vinne vya shati. Sakafu niliichora vigae kwa rula. Hata bafu lilikuwamo. Majirani walioiona walisema sijakosea kitu.

Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba nilimwita binti yangu nikamfunua macho. Aliitazama muda mrefu. Aliponyoosha mkono nilisema, "Usiguse hapo, rangi itachubuka." Akaurudisha mkono. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi atapika wapi?"

Nilimwonyesha lile jiko la gesi. Akatikisa kichwa. "Bibi hapiki hapo."

Nilimwonyesha kitanda chenye foronya ya maua. Akatikisa kichwa tena. Alilichukua gunzi lake akalilaza nje, ubavuni mwa ukuta mweupe, akalifunika kwa jani la mgomba.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimegombana na mume wangu, nimeuza kuku, nimekatwa na wembe vidole viwili. Nikasema neno ambalo mama hapaswi kulisema. Nilisema, "Basi bibi yako alale nje." Mtoto aliliokota gunzi, akalikumbatia, akaenda zake penye majivu. Hakugeuka.

Nilikuwa nimemjengea nani?

Usiku ule sikupata usingizi. Niliitazama nyumba yangu mezani, na nikaona wazi kwamba sikuwa nimemjengea binti yangu, wala mama mkwe. Makochi yale, televisheni ile, vigae vile, ni vitu nilivyovitamani mimi tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimejijengea mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Mimi na marehemu mama mkwe hatukuwahi kugombana mbele ya watu, lakini hatukupendana sana. Alisema ugali wangu ni mwepesi. Mimi nilisema moyoni kwamba nyumba yake ya nyasi inaharibu uwanja wetu. Ilipobomolewa mwezi Juni, nilifagia pale kwa haraka, na nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Sasa mtoto alikuwa ananiomba niirudishe nyumba ile, nami nilikuwa nimeibomoa mara ya pili kwa kujenga nyingine mahali pake.

Baadaye nilisoma habari za nyumba za wanasesere zinazojulikana sana duniani, nikagundua kwamba siko peke yangu. Kati ya mwaka 1557 na 1558, Mtawala Albrecht wa Tano wa Bavaria, katika Ujerumani ya leo, alitengenezewa nyumba ndogo yenye vyumba vilivyojaa vitu vya thamani. Haikuwa ya mtoto kuchezea. Ilikuwa yake, ya kuwaonyesha wageni. Huko Amsterdam, mama mmoja tajiri aliyeitwa Petronella Oortman alianza mwaka 1686 hivi kupamba nyumba ndogo ndani ya kabati, na kazi iliendelea hadi karibu mwaka 1710. Inasemekana alitumia fedha ambazo zingeweza kununua nyumba ya kweli katika mji ule. Kabati hilo sasa limo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Tena kati ya mwaka 1921 na 1924, Malkia Mary wa Uingereza alitengenezewa nyumba ya wanasesere iliyochorwa na Edwin Lutyens, msanifu majengo mashuhuri. Ina umeme, lifti, na mabomba yanayotoa maji, na kila kitu kimefuata kipimo cha inchi kwa futi. Ipo hadi leo katika kasri ya Windsor, na watu hulipa kiingilio kwenda kuitazama.

Siwalaumu watu hao. Kazi nzuri ni kazi nzuri. Lakini nyumba zote tatu zinafanana kwa jambo moja: watu wazima walizitengenezea watu wazima, na mtoto akifika mbele yake huambiwa asiguse. Mimi nilitumia shilingi 14,000 kufika pale pale walipofika wao.

Kuomba radhi kwa mtoto

Wapo wazazi wanaoona kwamba mama akimwomba mtoto radhi atadharauliwa. Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini asubuhi, kabla ya ibada, nilikwenda nikakaa kando ya mkeka wake, nikamwambia, "Mwanangu, jana nilisema neno baya juu ya bibi yako. Nimekosa. Naomba unisamehe." Alinitazama kwa mshangao. Kisha nikamwomba jambo ambalo ningelipaswa kumwomba mwezi Julai. Nilisema, "Mimi siijui vizuri nyumba ya bibi. Niambie ilikuwaje."

Mtoto ambaye kwa miezi mitano alijibu kwa kichwa alianza kusema. Alisema kitanda kilikuwa karibu na mlango, si kule ndani, kwa sababu bibi alipenda kusikia mvua ikianza. Mafiga yalikuwa matatu na moja lilikuwa limepasuka. Kulikuwa na tundu ukutani, upande wa kushoto, ambamo bibi aliweka ufunguo wa sanduku na ugoro. Kuku mwenye vifaranga alilala chini ya kinu. Dari ilikuwa na mahindi ya mbegu, na usiku punje moja moja zilianguka panya wakipita, bibi akasema, "Nao wana watoto."

Nilikuwa nimeishi uwanja mmoja na mama yule kwa miaka 11. Kati ya mambo hayo, nililolijua ni mafiga tu.

Udongo nao una mambo yake

Tulianza upya, mara hii mchana kweupe, pamoja na mtoto, tena bila fedha. Tulichukua vijiti tukavichomeka katika ubao wa zamani uliotobolewa, tukavisuka kwa fito nyembamba, tukakandika. Msidhani makosa yaliisha.

Udongo wa kwanza niliuchota bondeni, ule mweusi unaonata, kwa kuwa ni laini. Tuliukandika tukauweka juani ukauke upesi. Kesho yake kuta zilikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu aliyelima bila viatu. Udongo mfinyanzi mtupu husinyaa sana maji yakitoka, na jua kali hukausha upande wa nje wakati ndani bado ni mbichi, basi lazima upasuke. Binti yangu aliniambia, "Bibi alichukua wa kichuguu, akatia mchanga na nyasi." Tukafanya hivyo: udongo wa kichuguu, mchanga, na nyasi kavu zilizokatwa fupi, tukakausha kivulini. Nyufa ndogo zilizotokea tulizijaza kwa udongo mwepesi mara ya pili na ya tatu. Sakafu tuliipiga kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo, kama bibi alivyofanya.

Paa nalo lilitusumbua. Nilianza kuezeka kutoka juu kushuka chini. Tulipomimina kikombe cha maji kujaribu, yote yaliingia kitandani kwa bibi. Nyasi huezekwa kuanzia ukingo wa chini kupanda, ili fungu la juu lilalie la chini, maji yateleze. Tena mteremko wangu ulikuwa mdogo, na maji yalituama badala ya kukimbia. Nyumba yenye upana wa sentimita 24 yapasa kilele cha paa kiinuke kama sentimita 12 juu ya ukuta. Tuliling'oa paa lote tukaanza tena. Mtoto hakuhuzunika hata kidogo. Kung'oa kulimfurahisha kuliko kuezeka.

Jioni moja mume wangu alirudi akatukuta. Alisimama, akainama, akachungulia. Akasema, "Mama hakuwa na madirisha mawili. Lilikuwa moja tu, dogo, huku nyuma." Akaketi chini, akachukua udongo, akaliziba dirisha la pili kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akachonga mlango kwa kipande cha ubao, akaufunga kwa vipande vya ngozi badala ya bawaba. Alifanya kazi mpaka giza bila kusema neno. Tangu mazishi sikuwahi kumwona akikaa na huzuni yake namna ile. Nilikuwa nimemsahau yeye pia. Aliyefiwa na mama yake alikuwa ni yeye.

Kaka yake mkubwa binti alitaka bibi awe na taa. Kibatari nilikikataa kabisa, na mshumaa pia, maana nyasi kavu na moto havikai pamoja, hata katika nyumba ya mchezo. Akafunga balbu ya tochi kwa betri mbili. Basi bibi akapata umeme kama Malkia Mary.

Mvua ya Novemba

Nyumba ilikaa barazani. Gunzi lililala karibu na mlango. Kila jioni binti yangu alipika ugali wa udongo juu ya mafiga matatu, na moja alikuwa amelipasua makusudi. Siku za kukojoa kitandani zilipungua, kisha zikaisha. Sisemi kwamba nyumba ndiyo iliyomponya. Nasema kwamba tulipoanza kumtaja bibi mezani, kila mtu na lake, mtoto hakuwa tena peke yake na jambo lile.

Mwezi Novemba mvua ya upepo ilipiga baraza na kubomoa kona moja ya ukuta. Niliposikia nilikimbia nikiogopa kilio. Nilimkuta amechuchumaa na bakuli la udongo. "Mama, usiguse," aliniambia. "Bado mbichi."

Na ile nyumba nyeupe? Ilikaa kabatini mwaka mzima. Kisha mdogo wake aliiomba awekee vifaranga, nami nikampa.

Kwa mama anayetaka kujaribu

Kama una mtoto anayependa mchezo wa mama na baba, na una nafasi jioni, kumbuka haya:

1. Muulize mtoto kwanza nani atakaa katika nyumba hiyo, na anapenda iweje. Usiifanye siri.

2. Pima mwanasesere kabla ya kukata chochote. Gawa vipimo vyote kwa 10.

3. Tumia vilivyopo: boksi, mabua, matete, udongo, makopo, vitambaa vya mabaki. Ikibidi kununua, mwambie mwenzako kabla.

4. Wembe na kisu viwe mikononi mwako. Mtoto apewe kukanda, kupaka na kuezeka.

5. Gundi ya wanga ipakwe nyembamba. Udongo uchanganywe na mchanga na nyasi, ukauke kivulini.

6. Nyumba isikae chini penye mchwa, wala isiingizwe moto wa aina yoyote.

7. Ikivunjika, usiwahi kuitengeneza. Mwache mtoto aitengeneze kwanza.

8. Kama mtoto amefiwa, msimnyamazie kwa kudhani amesahau. Mwulizeni alichokiona na anachokikumbuka, na muwe tayari kusikia hata yale ambayo ninyi wakubwa hamkuyajua.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa na gunzi limekwisha kuliwa na wadudu. Mlango ule mdogo aliouchonga baba yake bado upo. Ameuweka ndani ya sanduku la bibi, pamoja na kipande cha kanga.